Maharage Mlangoni kwa Kijana wa Bodaboda

Tulikuwa wasichana watatu katika chumba kimoja cha kupanga, nje kidogo ya mji wa Kibondo, kwa sababu shule ilikuwa mbali na kwetu sote. Geto, kama wanafunzi wanavyoita. Mimi natoka upande wa Kasulu. Mwenzetu mmoja, mpole kupita kiasi, wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi wakapata uraia hapa. Wa tatu alitoka Nyabibuye, na kwenye somo la hesabu darasa zima lilikuwa linamwogopa. Sheria yetu ilikuwa moja: sufuria moja, na hakuna anayekula kabla mwenzake hajafika.

Tukiwa kidato cha nne, mtihani wa taifa umekaribia, huyu wa Nyabibuye akaanza kushinda kwa kijana wa bodaboda. Kisha akaacha kabisa kuja shule. Mwalimu wa malezi akatuita pembeni.

"Mimi nikimfuata atanikimbia," alisema. "Ninyi ni wenzake. Kaeni naye karibu."

Niliitikia, lakini moyoni nilikuwa nawaka. Nikae naye karibu wapi, na yeye haji?

Jumamosi mchana uvumilivu ukaniishia. Maharage yalikuwa jikoni, bado magumu. Nikabeba jiko na moto wake, mwenzangu akabeba sufuria, tukakatiza mtaa watu wakitushangaa, tukaenda kuinjika mlangoni kwa yule kijana. Kama haji kwenye sufuria, sufuria itamfuata. Nilijiona nina akili sana.

Nilimsikia yule wa Nyabibuye ndani akisema, "Oya, sitoki!" Akatoka kijana, kavaa koti lake la pikipiki.

"Nyie watoto, mnataka nini hapa?"

"Tunapika, kaka," nikajibu.

Akasogeza mguu karibu na sufuria. Nikajua anaipiga teke, na maji ya moto yatammwagikia mwenzangu aliyechuchumaa akipepea mkaa. Mwenzangu hakusogea. Aliendelea kupepea tu.

Ndipo mama jirani akachungulia, akaona wasichana wawili, sufuria ya chakula, na mlango wa mwanamume. Kwetu, msichana akipelekewa chakula na wenzake namna hiyo, watu wanaelewa kwamba keshaolewa. Akapiga kigelegele.

"Jamani, bibi harusi kaletewa chakula! Hongera, baba!"

Wa nyumba ya pili akadakia, watoto wakaja mbio. Nilikuja kumtoa, kumbe namwozesha! Mwenzangu akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona na yeye anaogopa.

Lakini kijana alikuwa ameogopa kutushinda. Mtaa mzima ulimjua msichana huyo kwa sare yake ya shule, na kila mtu anajua anayeoa mwanafunzi anaishia wapi.

"Sijaoa mtu mimi!" akapaza sauti, akigeuka huku na huku. Akausukuma mlango. "Toka. Nenda na wenzako. Mimi siendi jela kwa ajili yako."

Mwenzetu akatoka na mkoba wake. Hakulia. Alimtazama yule kijana, kijana akatazama pikipiki yake.

Tulirudi yeye akiwa mbele, sisi nyuma na jiko letu. Karibu na geto akageuka.

"Mmefurahi?"

Sikuwa nimefurahi. Nilitaka atoke mwenyewe, atuchague sisi, siyo afukuzwe watoto wakichungulia. Nilimhurumia, na papo hapo nilikuwa namshukuru Mungu.

Jumatatu alikuja darasani macho yamevimba, akaenda kukaa dawati la nyuma kabisa. Nikahamisha vitabu vyangu, nikakaa pembeni yake. Mwenzetu mpole akaja upande wa pili. Wanafunzi wengine walikuwa wananong'ona, nikawakazia macho mpaka wakaacha. Yeye alifungua daftari la hesabu bila kutugeukia.

"Usinisemeshe," akaniambia.

Nikaanza kuinuka. Akanishika sketi.

"Nimesema usinisemeshe. Sijasema uondoke."