Mlima Upi wa Kuteleza

Kwetu Pangani ardhi imelala. Ukisimama mlangoni unauona mnazi wa jirani, na wa jirani yake, na wa jirani wa huyo, mpaka macho yachoke yenyewe. Kwa hiyo nilipopangiwa, bado msichana, kufundisha Mbinga, miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa, kilichonitisha hakikuwa baridi wala lugha. Ilikuwa milima. Nyumba zimeng'ang'ania ubavuni kama kupe, mashamba yamepanda moja kwa moja kuelekea mawinguni, na watu wanashuka njia zile na mzigo wa kuni kichwani huku wanasimuliana habari za jana. Mimi nilishuka nimeshika majani kwa mikono miwili. Wanafunzi wangu walisema Mwalimu anatembea kama kinyonga.

Nilipewa chumba kwa mama mmoja mjane, Mkatoliki, mwenye shamba la kahawa nyuma ya nyumba. Siku ya kwanza aliponiona natandika mkeka wa kuswalia, alikwenda jikoni akatoa chungu kipya, akakifunga uzi mwekundu shingoni. "Hiki ni chako, mwanangu," alisema. "Nguruwe hataingia humu." Tangu siku hiyo nikamwita Mama bila kujilazimisha.

Naye hakuwa mtu wa milimani. Alizaliwa Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, akaolewa huku juu akiwa msichana. "Sisi wawili ni watu wa maji," aliniambia. "Hawa wametuzidi miguu tu."

Asubuhi nilifundisha watoto. Alasiri nilifundisha akina mama kusoma na kuandika, ndani ya ghala la kahawa. Siku moja ya kiangazi, majani ya milimani yamekauka na kung'aa kama nywele zilizopakwa mafuta, tulimaliza somo mapema, akina mama wakaondoka wote kwa pamoja kuelekea mlimani. Nikadhani wanakwenda kuni. Mara nikasikia ukelele. Nikatoka mbio nikijua mtu amevunjika.

Juu pale niliona mwanamke mwenye mvi, kanga amepiga uwinda, amekaa juu ya gome bichi la mgomba, anakuja chini kama jiwe lililorushwa. Alipita mbele yangu akicheka kinywa wazi. Akasimama chini kabisa, akajikung'uta majani, akanipungia mkono.

"Mwalimu! Njoo, usiogope!"

Alikuwa dada wa marehemu mume wa Mama, mwanafunzi wangu mtu mzima kuliko wote, ambaye darasani aliandika herufi "k" kwa uangalifu wa mtu anayetoa mwiba. Mimi nilimwita Shangazi, kama walivyomwita watoto wa nyumba ile. Nikatingisha kichwa. Nikarudi ghalani nikafuta ubao ambao nilikuwa nimekwisha kuufuta.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kule watu wazima huteleza. Kiangazi kikishaingia, kabla kahawa haijawabana, walikata magome ya mgomba, wakayakunja kwa mbele, wakayatia kamba ya kushikia, wakapanda milimani kwa furaha isiyo na aibu hata kidogo.

Mwezi wa sita ulipokuwa unakwisha, Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Kijiji chetu kilikuwa kimeundwa kwa kuunganisha vitongoji vitatu, na kila kitongoji kilikuja na mlima wake. Zamani milima ile ilikuwa ya koo; sasa yote ilikuwa mali ya kijiji. Mkutano ulizungumza shamba la pamoja la mahindi, kitalu cha miche ya kahawa, na zamu za kuchimba msingi wa zahanati. Hayo yalikwisha haraka. Kisha Mwenyekiti akafika kwenye "mengineyo," akasema, kama mtu anayefunga mlango, kwamba Sabasaba ya mwaka ule tungesherehekea kijiji kizima mahali pamoja, na mchezo wa kuteleza ungefanyika kwenye mlima mmoja.

"Mlima upi?" akauliza mtu.

Mengineyo yakachukua alasiri nzima.

Wa kitongoji cha chemchemi wakasema mlima wao ndio wenye kasi. Wa karibu na kanisa wakasema wa kwao ndio wenye urefu. Shangazi akasimama akausifu mlima wa ukoo wake, ule ulioelekea magharibi, mpaka wengine wakaanza kumpigia makelele. Mwenyekiti alinyanyua mikono.

"Ndugu zangu! Milima yote ni yetu sote. Hakuna tena mlima wa fulani."

"Kama yote ni yetu sote," akajibu mama mmoja kutoka nyuma, "mbona wewe hujausifu hata mmoja ila huo wa chemchemi?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti, ambaye kwao kulikuwa chemchemi, naye alicheka, akapangusa uso. Kisha macho yake yakatua kwangu. Nikajua yamenipata.

"Mwalimu hana mlima," alisema. "Kwao ni bahari. Hana ukoo hapa wala shemeji. Mwalimu ateleze yote mitatu, atuambie upi unafaa."

"Ndugu Mwenyekiti, mimi sijawahi kuteleza hata kwenye tope!"

"Ndiyo maana hutapendelea."

Makofi yakapigwa. Nikatafuta pa kujificha, na hapo Mama, aliyekuwa amekaa kando yangu, akasimama. "Hatakwenda peke yake," alisema. "Nitateleza naye."

Kisha mzee mmoja akasema, "Usipa!" na wazee wenzake wakacheka hadi wakakohoa. Usipa ni wale samaki wadogo wa ziwani. Shangazi hakucheka. Alitazama chini akaanza kuchezea pindo la kanga yake.

Jioni ile, tukichambua maharage, Mama alinieleza. Alipokuja bi arusi, mawifi walimchukua mlimani kumkaribisha. Wenzake wote walishuka salama. Yeye gome lake lilikwama katikati, likamtupa, akabingirika mpaka chini mbele ya wakwe. Wakamwita usipa, samaki aliyetupwa nchi kavu. Hakuteleza tena. Alizaa, akazika mume, akalea watoto wakaenda zao, na kila kiangazi alibaki nyumbani akisingizia kazi.

"Sasa kwa nini umesimama?" nikamuuliza.

"Nilikuona unavyotetemeka," alisema. "Nikakumbuka mimi hakuna aliyesimama."

Jumapili baada ya misa tulianza na mlima wa chemchemi. Kijiji kizima kilitufuata. Juu, upepo ulikuwa wa baridi. Mama alikaa nyuma yangu kwenye gome moja, akanikumbatia kiunoni.

"Huu mlima sina ugomvi nao," alisema. "Twende."

Kusema kweli sikumbuki kuteremka. Nakumbuka meno yangu yakigongana, na sauti iliyokuwa ikipiga yowe masikioni mwangu, ambayo baadaye niliambiwa ilikuwa yangu. Wenyeji walisifu kasi ya mlima ule lakini walisahau kutaja mwisho wake: mashimo ya ngolo, yale ambayo Wamatengo huchimba mteremkoni ili mvua isichukue udongo. Tuliingia kwenye shimo la kwanza tukiwa tumekumbatiana, juu ya maharage ya mtu. Nilipotoa kichwa nikaona Mama amekaa shimoni, kitambaa kimemvuka, anacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka namna ile. Ilikuwa sauti ya msichana.

"Tumefika?" aliuliza.

Mlima wa kanisani ulikuwa mrefu kama walivyosema, lakini mbuzi walikuwa wamekula majani yake yote. Tulikwenda kidogo, tukakwama, tukajisukuma kwa visigino, tukakwama tena. Watoto walitupita kwa miguu. Kwaya, iliyokuwa bado haijavua majoho, ilitushangilia kutoka kwenye ukuta wa kanisa, na mmoja akapaza sauti akisema tukienda hivyo tutafika kwa misa ya Jumapili ijayo. Tulipofika chini tulipewa viazi vitamu vya kuchemsha, na kwa njaa niliyokuwa nayo nilikaribia kuuchagua mlima ule kwa ajili ya viazi peke yake.

Ukabaki wa magharibi. Mama alipunguza mwendo. Tulipofika chini ya mlima alisimama kabisa.

"Huu ndio ulioniangusha," alisema.

"Tunaweza kuacha, Mama. Nitateleza peke yangu."

Kabla hajajibu, tukaona Shangazi anashuka kutupokea. Chini ya kwapa alikuwa na gome la mgomba lililokatwa muda huo huo, linachuruzika maji. Alimnyooshea Mama kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkwe chakula.

"Wifi," alisema, "shika. Hili ni bichi."

Mama alilishika. Akalitazama.

"Siku ile tulikupa kavu," Shangazi akasema. Sauti ilikuwa ndogo, watu waliokuwa nyuma hawakusikia. "Tuliliweka juani makusudi, likwame. Tulitaka kukucheka kidogo tu, kisha tukuinue. Halafu ukakasirika, ukaenda ndani, nami nikaona haya. Siku zikapita."

Nilimtazama Mama usoni nikiogopa nitakachokiona. Alikuwa ameinamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikamshika mkono, kumbe kicheko kilikuwa kinatafuta njia. Kilipotoka alilazimika kukaa chini.

"Kavu!" alisema, machozi yakimtoka. "Kavu! Na mimi miaka yote hii nimedhani ni makalio ya Kinyasa!"

Shangazi naye akakaa. Wale wanawake wawili, mvi kwa mvi, walishikana wakacheka mpaka mimi, niliyesimama na kanga yangu iliyojaa udongo, nikaanza kucheka nao. Watu wa nyuma waliuliza kuna nini.

Tukapanda wote watatu. Na huko juu nikaelewa kwa nini Shangazi aliusifu mlima ule mpaka kuzomewa. Ukungu ulikuwa umeondoka. Chini, mbali, nyuma ya migongo ya vilima vilivyopungua kimoja baada ya kingine, Ziwa Nyasa lilikuwa limetandazwa kama shuka la buluu, na ng'ambo yake milima mingine hafifu ya nchi ya watu. Mama alinyoosha kidole. "Kihagara iko pale, palipoingia ndani kidogo. Mama yangu alikuwa anaanika usipa pale kwenye mawe." Alizungumza kwa Kinyasa, kisha akakumbuka kuwa sikielewi, akanirudia kwa Kiswahili.

Wao wawili walikaa kwenye gome bichi, Shangazi mbele. Mimi nilikuwa na langu. Nilishtuka kuona nimekaa bila kuambiwa. Majani pale yalikuwa marefu, yamelalia upande mmoja, na mteremko ulishuka taratibu kwanza, ukachukua kasi, kisha ukakupokea kwenye uwanda mpana usio na shimo wala jiwe wala shamba la mtu. Safari hii nilifumbua macho. Niliona ziwa likinijia, na mbele yangu vichwa viwili vya mvi vikiruka kwa pamoja kila penye kituta, na Mama akipiga vigelegele vya kwao. Tuliposimama nikanyanyuka, nikashika gome langu, nikaanza kupanda tena.

"Mwalimu!" Mwenyekiti aliita. "Umekwisha kupima!"

"Sijahakikisha!" nikamjibu.

Jioni nikatoa hukumu. Nilisema mlima wa chemchemi unafaa kwa wanaotafuta daktari, na wa kanisani kwa wanaotafuta subira, lakini kijiji chenye watoto, wazee na mama wajawazito wa kutazama kinahitaji wa magharibi. Walinung'unika. Mtu alidai nimehongwa viazi. Nikamwambia viazi nilikula kanisani, na kanisani wameshindwa. Mwenyekiti akaandika uamuzi huku akitikisa kichwa.

Siku ya Sabasaba watu walijaa mlima ule mpaka majani hayakuonekana. Kaka yake Mama alipanda kutoka Kihagara na mkewe na kikapu cha usipa wakavu, siku mbili za njia, na alipomkuta dada yake juu ya gome alisimama akajishika kiuno. Mwenyekiti alitoa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, kisha akateleza na koti lake la sherehe, kofia ikabaki nyuma inamfuata taratibu. Mzee aliyesema "usipa" mkutanoni aliketishwa kwenye gome na Mama mwenyewe, akasukumwa. Alishuka akipiga ukelele kama mwali. Alasiri tulikula ugali na maharage na usipa wa kukaanga, waumini wa misa na mimi wa swala, kwenye majani yale yale, na baridi haikuuma.

Kesho yake alasiri nilifungua ghala kwa ajili ya somo. Akina mama walikuja wote, hakuna aliyekosa, wakisogea polepole kwa ubavu kama kaa. Shangazi alitazama benchi. Mama akatazama benchi. Hakuna aliyekaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeegemea ubao tangu nilipofika.

"Leo," nikasema, "tutasoma tumesimama."

Tukasoma tumesimama, wiki nzima.