Wafa Alivyokataa Kuinuka

Pale Tandika, ukiuliza duka la rangi la Wafa binti Haroub, yeyote atakuonyesha. Alilirithi kwa baba yake. Jioni akishafunga huenda kwenye ukumbi wa shule moja ya Temeke kujifunza judo. Shangazi zake walinung'unika mpaka wakachoka wenyewe. Mwalimu wake, Kasiani, mtu wa Masasi, humwambia, "Kumwangusha mtu ni rahisi. Kumtuliza chini bila kumuumiza, hapo ndipo pana kazi."

Mchana mmoja zikasikika kelele za "Mwizi! Mwizi!" Jamaa mmoja aitwaye Gaspar alikuwa amekwapua drili ya fundi, anakuja mbio upande wa duka. Wafa akampiga ngwala. Gaspar alipoanguka tu, Wafa akamkalia ubavuni, mkono mmoja ukamzunguka shingo, mwingine ukaubana mkono wake kwapani, kichwa akakiinamisha karibu na chake. Wanajudo huuita mbano huo kesa-gatame. Gaspar alifurukuta, kisha akawaona watu wanaokuja na mawe na fimbo. Akatulia.

"Dada, usiniachie," akanong'ona. "Wataniua."

"Sista, inuka tumshughulikie!" watu wakapiga kelele.

"Siinuki! Nimemkamata mie. Anayetaka kumpiga aanze na mie."

Jiwe moja likampata begani. Akazidi kujilaza juu ya Gaspar, baibui limejaa vumbi, akiusikia moyo wa yule mtu unavyodunda, hadi mjumbe wa mtaa, Mzee Mfaume, alipofika na polisi.

Gaspar alifungwa. Alipotoka akapata kazi ya kupaka rangi nyumba mpya kule Goba, na siku moja akaja dukani na mama yake, Margareta.

"Shikamoo, mama," Wafa akasema.

"Marahaba, mwanangu." Mama yule akamshika mikono yote miwili, machozi yanamtoka. "Leo nina mtoto kwa sababu ulikataa kuinuka. Sina cha kukupa. Mungu akuweke."

Wafa naye akashindwa kujizuia, akalia. "Mama, shukrani hizi si zangu peke yangu. Twende nikupeleke kwa aliyenifundisha."

Akafunga duka mchana huohuo, wakaenda wote watatu. Kasiani aliisikiliza habari yote. Alivuta mkeka, akamkaribisha mama yule aketi, akaanza kumuuliza habari za kwao.