Matanga ya Paka

Bibi niliyekuwa nikimhudumia kule Quakers Hill, kitongoji cha Sydney, alifundisha falsafa Urusi kabla ya kuhamia Australia, na sijapata kuona mtu anayependa kuhubiri kama yeye. Nikimkanda miguu, ananieleza kwamba wanafalsafa wa kwao waliligundua jambo hili zamani: viumbe vyote ni kitu kimoja, sisimizi na mti, wewe na mimi. Akimaliza, mimi nakunywa chai kwenye kikombe changu cha plastiki, kile alichoniagiza nisikichanganye na vyake.

Siku moja paka wake akafa. Nilimkuta analia kama aliyefiwa na mtoto. "Nimepoteza sehemu ya nafsi yangu," akasema, nami, mjinga, nikamwamini. Kwetu Kongo aliyefiwa haachwi peke yake. Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, nikaenda na akina mama watatu wa kanisani, tumevaa vitenge, tumebeba sufuria za wali na sombe, kisamvu cha kwetu, ili tukae naye matanga.

Alifungua mlango kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa, akatutazama kuanzia vilemba hadi viatu.

"Nani amewaita watu hawa?" akaniuliza, kisha akafunga.

Tulirudi garini. Sufuria tulizifungulia pale pale, mbele ya geti lake, tukala mpaka tukakwangua ukoko. Kama kweli sisi sote ni kitu kimoja, basi bibi naye alishiba.