Gesi Zilizokuwa Zikirudi

Kila nikitwanga kisamvu, harufu ya majani mabichi yanayopondeka hunirudisha Tandale, kwenye mlango wa chumba chetu. Upande wake wa ndani dada yangu Zuhura aliupaka weusi: unga wa betri kuukuu, mkaa, na maji ya majani tuliyoyatwanga kwenye kinu cha Mama, kama wanafunzi wanavyokoleza ubao wa shule. Mama alitununia kwa siku kadhaa, maana kila mboga iliyotoka kwenye kinu kile ilikuwa na rangi ya kijivu.

Ili ubao uonekane, ilibidi mlango ufungwe. Chini ya bati, jua la mchana, tulikuwa tunaiva humo ndani.

"Nyie mtanifia humo kwa joto," Mama aliita kutoka uani.

"Tunamalizia, Mama," Zuhura alijibu, naye ndiyo kwanza anaanza.

Alikuwa kidato cha sita, na hakuweza kusoma bila kumfundisha mtu. Mtu aliyekuwepo ni mimi, wa darasa la tatu. Kuhusu mtihani wake nilijua jambo moja tu: akifaulu ataenda chuo mbali, nami nitabaki peke yangu kwenye kitanda tulicholalia pamoja tangu nizaliwe. Nilikuwa naogopa sana.

Hesabu aliyoipenda ilikuwa ya presha za gesi mbili, moja haina rangi, nyingine ya kahawia. Isiyo na rangi inaanza na presha ya moja. Sehemu yake inavunjika. Kiasi gani hatujui, kwa hiyo tukiite x. Inabaki moja kutoa x. Ile ya kahawia inapata x mbili, kwa sababu kila chembe moja ikivunjika zinazaliwa mbili. Hizo x mbili unazipandisha kipeo cha pili, unagawanya kwa ile iliyobaki, unalinganisha na namba uliyopewa kwenye swali. Mwisho x inatoka na majibu mawili, moja hasi. Hilo Zuhura alilifuta kwa kiganja, akisema hakuna presha iliyo chini ya sifuri. Mimi nililionea huruma.

"Sasa zimetulia?" nilimuuliza siku moja.

"Ukiangalia utasema zimetulia. Lakini humo ndani nyingine zinaondoka, nyingine zinarudi, na zinazoondoka zinalingana na zinazorudi."

"Kwa hiyo zinarudi?"

"Zinarudi, mdogo wangu. Haya, nipe chaki."

Basi nikapoa. Akafaulu, akaondoka, na wote walishangaa kwamba sikulia. Jirani mmoja alisema nina moyo mgumu. Nilikuwa nasubiri tu, kwa kuwa hesabu niliiona kwa macho yangu.

Baada ya chuo akapata kazi Mbeya, akaolewa hukohuko. Idi moja alikuja na mumewe, na Mama akatoa kabatini sahani za wageni. Zuhura alikula taratibu, akashukuru, kisha akauliza sabuni ya kunawia siku hizi tunaiweka wapi. Nilimwonyesha, nikaenda kujifungia chooni.

Nilipofika kidato cha tano, mwalimu wa kemia aliandika swali lilelile. Kabla ya x, kabla ya chochote, akatamka sharti: haya yote ni kwa chombo kilichofungwa. Kikiwa wazi, gesi inaondoka zake, na hesabu hii haina kazi. Wenzangu waliandika. Mimi niliiweka kalamu chini.

Jioni nilimpigia Zuhura, nikamwambia tumeanza presha za gesi.

Akacheka. "Chombo kiwe kimefungwa, hilo usisahau. Si nilikuwa nakwambia kila siku?"

Huenda aliniambia. Nilitaka kumuuliza atarudi lini. Nikamuuliza watoto hawajambo.