Riwaya Aliyoiacha Mgeni

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikisafisha vyumba katika hoteli moja ya Diani. Mgeni akaacha riwaya ya Kiingereza: polisi wawili, mwanamume na mwanamke, husali pamoja kabla ya kuwasaka majambazi, na mwishowe huoana. Niliimaliza, usingizi ukanihama. Mume wangu alikuwa polisi Msambweni, na mwenzake wa doria alikuwa mwanamke aliyeokoka. Nilimuuliza mume wangu kama nao husali pamoja.

“Kila asubuhi,” alijibu, huku akipiga viatu rangi.

Jumapili yule mwanamke alinishika mkono kanisani.

“Dada, mimi na mumeo tunakuombea. Ameniambia siku hizi hulali.”

Niliitikia amina. Lakini moyoni nilichemka: habari za kitandani kwangu zilimfikia yeye kabla ya kumfikia Mungu.