Nani Aliacha Pasi

Mama Pindo alikuwa fundi wa cherehani, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu pindo akilishona yeye, uzi huuoni hata ukivaa miwani miwili. Lakini Jumanne alasiri alikuwa mwalimu. Alifundisha watu wazima waliokuwa wanajiandaa kubatizwa, katika chumba cha nyuma cha kanisa chenye viti vya plastiki na ubao uliochakaa, na somo lake la utakaso lilisifiwa hata na mchungaji.

"Kuokoka ni kufuliwa," alikuwa akisema, mkono kiunoni. "Doa linatoka, umeanza upya. Utakaso ni kupigwa pasi. Hiyo ni kila siku, mpendwa, maana ukikaa tu kidogo umeshajikunja!"

Watu walicheka na kuandika. Yeye alifuta ubao, akarudi nyumbani huku roho inamsuta. Msishangae. Mtu anaweza kufundisha vizuri na bado akawa mwongo, na Mama Pindo alikuwa na uongo wa miaka kumi na mmoja, wenye neno moja tu.

Zamani, kabla hajafungua duka lake, alishona kwa mama mmoja waliyemwita Madamu. Pale palikuwa na sheria: ukimaliza kupiga pasi unaisimamisha, unachomoa waya ukutani, halafu unapaza sauti, "Nimechomoa!" ili kila mtu asikie. Mama Pindo ndiye aliyemwingiza kazini wifi yake, mke wa kaka yake, mwanamke mpole mwenye mkono mwepesi. Mkono ulikuwa mwepesi mno, wateja walianza kumuulizia yeye. Hilo nalo tuliseme wazi, kwa sababu lilichangia.

Siku hiyo gauni la harusi lilikuwa mezani, limebaki vifungo tu. Wifi alinyoosha mikono ya gauni, akachomoa, akapaza sauti kama sheria ilivyotaka, akatoka kwenda kutafuta vifungo. Mama Pindo akaona pindo halijalala vizuri. Akachomeka pasi. Hata hajafika mbali na hilo pindo, simu ikaita: mama mmoja wa kanisani, anauliza zamu za kufunga na kuomba. Mama Pindo akailaza pasi, akatoka nje apate kusikia vizuri. Ndiyo, aliilaza, tena juu ya gauni. Alipomaliza kupanga mambo ya Mungu, moshi ulikuwa umeshafika dirishani; akakimbilia ndani, akaiinua pasi.

Madamu alikuja mbio kutoka chumba cha mbele alikokuwa na mteja. Wifi naye akaingia na vifungo vyake mkononi.

"Nani ameacha pasi?"

"Mimi nilichomoa," wifi alisema. Halafu akalitazama lile tundu la kahawia kwenye kitambaa cheupe, akaongeza, "Nadhani nilichomoa."

Lo, hilo "nadhani" lilimponza! Madamu akamgeukia Mama Pindo. "Wewe ulikuwa humu. Ulimsikia akisema amechomoa?"

"Sikumsikia."

Basi, yakaisha. Wifi alifukuzwa hata vikombe vya chai havijaoshwa, na hakushona tena, kwa sababu maneno ya Madamu yalimtangulia kila alikobisha hodi. Lakini hilo si baya kuliko yote. Baya zaidi ni kwamba wifi mwenyewe aliamini. Akawa mtu wa kufika nusu ya njia akarudi nyumbani kuangalia jiko. Anachomoa redio, anachomoa taa ya mezani, anafunga mlango, anaufungua tena kuhakikisha. Wanawe wakafanya mzaha: kila mama yao akitoka, wanapiga kelele kwa pamoja, "Mama, umechomoa?" Mtaani akaitwa Mama Chomoa. Na jina hilo, mkitaka kujua, alilibuni nani? Mama Pindo huyo huyo, siku moja wamekaa wanakula kwa kaka yake, akacheka mpaka akajifuta machozi. Yale machozi hayakuwa ya kicheko yote.

Kutubu alitubu, jamani, tusimwonee. Alitubu kwa magoti, alitubu kwa kufunga, alimweleza Mungu yote hadi rangi ya vifungo. Kila mara aliinuka akiwa mwepesi, mpaka alipomwona wifi. Hapo alijiambia kwamba Mungu ameshasamehe, sasa ya nini kufukua yaliyozikwa? Lakini dhambi ile haikuwa imezikwa. Aliitenda upya kila watoto walipocheka naye akacheka nao, na alilijua hilo vizuri kuliko lile somo lake.

Mwaka huo wifi akajiandikisha darasani. Alikaa kiti cha mbele na kuandika kila neno. Na kanisani kwao ulikuwepo utaratibu: kabla ya kubatizwa, kila mtu hukaa na mwalimu wake, anasema linalomlemea, wanaomba pamoja. Basi Alhamisi asubuhi, siku tatu kabla ya ubatizo, wifi akaja dukani. Mama Pindo alikuwa ananyoosha sketi ya shule. Akaisimamisha pasi mezani, akamvutia mgeni wake kiti.

"Wifi, nimekuja kwa ajili ya lile gauni."

"Gauni gani?" Mama Pindo alijitia hamnazo.

"Wee nawe! La harusi. Nataka kulitubu kabla ya Jumapili, ila sijui nitatubuje. Nimejaribu kukumbuka nikiiacha ile pasi, sikumbuki. Nakumbuka nilichomoa. Nakumbuka hata nilisema. Sasa naona labda moyo wangu ni mgumu, hautaki kukubali kosa. Eti wifi, Mungu anamsamehe mtu anayeungama kitu asichokikumbuka?"

Mama Pindo alivuta kiti chake karibu. Akamshika wifi mkono, akafumba macho, akaanza. "Baba, tunamleta mwanao mbele zako..."

"Amina," wifi akanong'ona.

"Anakuja na mzigo wake..."

Akakwama. Ilibaki sentensi moja tu. Aiseme, na wifi ataingia majini Jumapili na dhambi isiyo yake, ataiacha humo, na hakuna atakayeuliza tena. Darasa lingebaki, heshima ingebaki, kaka yake angeendelea kumpenda. Ilikuwa rahisi kiasi hicho, na urahisi wenyewe ukamtisha. Akafumbua macho. Wifi alikuwa ameyabana yake, uso wote umejikunja kama mtoto anayesubiri sindano.

"Nilikusikia," Mama Pindo akasema.

Wifi akafungua jicho moja. "Ulisikia nini?"

"Ukisema umechomoa. Nilikusikia kabisa. Mimi ndiye niliyechomeka tena ulipotoka, nikaenda kupokea simu. Pasi niliiacha mimi, wifi."

Wifi aliuvuta mkono wake taratibu, akauweka juu ya mkoba.

"Ulikuwa unajua."

"Tangu siku ile."

"Na wanangu wakinicheka, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukawa unacheka."

"Wifi, nisamehe, nakuo..."

"Ngoja. Usiniombe chochote sasa hivi. Kaka yako utamwambia wewe. Na wanangu. Na Madamu, popote alipo."

"Nitawaambia. Na mchungaji nitamwambia anitoe darasani."

"Ya mchungaji ni yako na yeye. Mimi Jumapili nitabatizwa, lakini siyo na hilo gauni lako."

Akasimama. Mlangoni akasita, kama anavyosita kwenye kila mlango, akageuka kutazama ukutani. Pasi ilikuwa imesimama mezani, taa yake nyekundu inawaka. Akarudi hatua mbili, na mkono wake ukawa umeshaufikia waya. Hapo akaurudisha, akaushika mkoba.

"Chomoa mwenyewe," akasema. Akatoka, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja hakurudi kuangalia.