Pampu Iliyolika Ikiwa Imesimama

Kwa miaka sita Ethel aliteremka kila asubuhi njia ya kokoto itokayo Makote hadi bondeni, kwenye banda la pampu zinazopandisha maji kijijini. Watu walimwita Mama Huruma, kwa jina la binti yake. Baba yake alikuwa katekista Masasi, na alitaka sana mtoto wake awe mwalimu. Ethel akachagua chuo cha ufundi, akarudi na cheti na kucha zisizotoka grisi. Baba akampata mwalimu kwa njia nyingine: Ethel aliolewa na Felix, anayefundisha hesabu.

Ndani ya banda kulikuwa na pampu mbili juu ya sakafu moja ya zege. Ya kwanza ilifanya kazi kutwa nzima. Ya pili ilikuwa ya akiba. Ililetwa mpya miaka mitatu nyuma, ikajaribiwa siku moja, haikuwashwa tena. Ethel aliifuta vumbi kila siku na kuifunika kwa kitenge chake cha zamani. Wageni wakija, ndiyo aliyowaonyesha kwanza.

Agosti mwaka jana, visima vya mvua vya majumbani vikiwa vimebaki tope, mota ya pampu ya kwanza iliungua. Ikapakiwa kwenda Mtwara kusukwa upya nyaya zake. Ethel akaondoa kitenge, akawasha ile ya akiba. Haikunguruma kama kitu kipya. Ilisaga, kama mtu anayetafuna mchanga. Siku ya tatu beringi ya mota, zile pete za gololi zinazoshika shafti, ilikwama, shafti ikagoma kuzunguka, maji yakakatika kijiji kizima.

Wanawake walianza kushuka bondeni na ndoo kabla ya jua, na kurudi na kilima chote mbele yao. Kamati ya maji ikakaa siku hiyohiyo. Anthony, katibu, alisema hana kinyongo na mtu, ila mashine mpya haifi kwa siku tatu kama ilitunzwa. Mmoja akasema huenda grisi ilikuwa ikiuzwa. Mwingine akasema unyevu uliachwa ukaingia, chuma kikashika kutu. Mwenyekiti, Mzee Nurdin, ambaye si mtu wa maneno mengi, akamwomba Ethel funguo za banda mpaka jambo lieleweke.

Ethel aliziweka mezani.

“Naomba nipewe ile beringi iliyokufa,” alisema. “Sina ombi lingine.”

Akapewa. Njiani alipishana na jirani yake Dominika, ambaye walikuwa wakichoteana maji kisima kimoja. Dominika akapita bila salamu. Hilo lilimuuma kuliko funguo.

Felix alimshauri atulie, watu watasahau maji yakirudi. Ethel akamjibu kwamba hangoji wasahau. Yeye mwenyewe hakujua kama ana kosa au hana, na ndicho kilichomnyima hamu ya kula.

Kesho yake alikwenda Newala kwa mchomeleaji mmoja, akamwomba ampasulie beringi kwa mashine ya kukatia vyuma. Ilipofunguka, aliona katikati ya grisi unga laini mwekundu, kama ugoro. Kutu, kama walivyosema.

Alifuta pete za chuma kwa mafuta ya taa, akatoka nazo juani. Kwenye mfereji ambamo gololi hupita aliona vishimo vidogo, vimepangana kwa umbali uleule. Akaweka gololi moja kwenye kishimo. Akaweka ya pili, ya tatu, mpaka zote nane. Kila moja ilikaa kwenye chake. Katikati ya kishimo na kishimo chuma kiling'aa kama siku kilipotoka dukani.

Alikaa muda mrefu kwenye benchi la mchomeleaji. Kutu ya unyevu isingechagua mahali pa kula. Hii ilikula pale tu gololi zilipogusana na pete, na pampu ilikuwa imesimama. Nini kiliisugua? Akakumbuka jinsi nyayo zinavyomwasha akisimama bandani kutwa. Pampu iliyokuwa ikifanya kazi ilitikisa zege, na zege ikaitikisa ile ya akiba. Kwa mtikisiko mdogo kuliko unene wa unywele, gololi zilisogea na kurudi mahali palepale kwa miaka mitatu. Grisi ikasukumwa pembeni. Chuma kikabaki na chuma, vikisagana mpaka kutoa ule unga mwekundu.

Mota iliporudi kutoka Mtwara na kufungwa, Ethel aliomba kamati imsikilize bandani kwa robo saa. Pampu ikiwa inanguruma, aliweka bakuli la maji juu ya ile iliyokufa. Uso wa maji ukajikunja, ukajaa vimistari. Mzee Nurdin akainama akatazama, kisha akaweka kiganja juu ya chuma.

“Mama Huruma, hii imezimwa?”

“Imezimwa, mzee. Waya wake ule pale, nimeung'oa.”

“Na inatetemeka.”

“Imetetemeka miaka mitatu. Mimi nilikuwa naifunika kitenge.”

Akawaonyesha pete na gololi, akawaachia wazipange wenyewe kwenye vishimo. Anthony alipanga zote nane, akauliza kosa basi ni la nani.

“La aliyeziweka pampu mbili kwenye zege moja,” alisema Ethel. “Na langu. Ningeizungusha shafti hata kwa mkono kila wiki, isingelika mahali pamoja. Nilidhani kutoitumia ndiyo kuitunza.”

Jioni Felix alimwambia angeweza kuliacha neno hilo la mwisho, kwa maana hakuna aliyemdai. Ethel akasema angeliacha, angekuwa amesema nusu.

Funguo zilirudi baada ya wiki. Beringi mpya ilitoka Masasi. Zege ikakatwa katikati, na chini ya kila pampu vikawekwa vipande vya mpira wa tairi la lori. Siku hizi pampu zinapokezana, wiki kwa wiki. Dominika alikuja siku moja na bakuli la mbaazi, wakaongea habari za korosho na watoto, yale mengine hawakuyagusa.

Anthony hajaomba radhi mpaka leo. Lakini kila akishuka kusoma mita, huiendea pampu iliyopumzika, akashika shafti kwa mkono na kuizungusha kidogo, halafu akatoka. Ethel humwacha.